Mpunga na misimu inayohama: mwongozo kamili wa kupanga kilimo kuanzia wiki ya maua

Mvua ya milimita 900 katika msimu mzima inaweza kujaza ghala, na mvua hiyohiyo ya milimita 900 inaweza kukuachia mapepe matupu. Tofauti iko kwenye tarehe. Siku kumi na mbili za ukame mpunga ukiwa na majani tu huupunguzia machipukizi, nao hujirekebisha. Siku hizohizo kumi na mbili zikiangukia kwenye mimba (suke likiwa limevimba ndani ya shina) na maua, hakuna mbolea wala maji ya baadaye yatakayorudisha punje zilizokwisha kufa. Kwa hiyo kalenda ya mpunga haianzi siku ya kusia mbegu, inaanza wiki ya maua na kuhesabiwa kurudi nyuma.

Umri wa mpunga na udhaifu wa kila umri

Tuchukue mbegu ya siku 120 katika nchi za joto. Siku 55 za kwanza ni za kuota, majani na machipukizi. Siku 35 zinazofuata suke hutengenezwa ndani ya shina, linakua, linatoka na kuchanua. Siku 30 za mwisho punje hujaa na kukomaa. Vipindi hivi viwili vya mwisho havibadiliki sana kati ya mbegu na mbegu. Ya siku 100 na ya siku 140 hutofautiana zaidi kwenye kipindi cha kwanza. Hapo ndipo penye nafasi ya kuchezea tarehe.

Mavuno hupatikana kwa kuzidisha vitu vinne: idadi ya masuke, idadi ya maua kwa suke, asilimia ya maua yaliyojaa, na uzito wa punje. Shamba lenye masuke 250 kwa mita ya mraba, kila suke maua 100, yaliyojaa asilimia 80, na punje 1,000 zenye uzito wa gramu 25, hutoa gramu 500 kwa mita ya mraba, yaani tani 5 kwa hekta. Acha vyote kama vilivyo, shusha ujazo uwe asilimia 50 kwa sababu ya wiki moja mbaya: unabaki na tani 3.1. Ukiangalia kwa mbali shamba limesimama vizuri, masuke ni mengi, lakini yamesimama wima kwa sababu hayana uzito.

Hatua ya 1: Upime msimu wako kwa tarehe, si kwa jumla ya mvua

Tafuta takwimu za mvua za kila siku kutoka kituo cha hali ya hewa kilicho karibu. Miaka 10 inatosha kuanzia, 20 ni bora. Kwa kila mwaka andika tarehe tatu:

- Mwanzo: siku ambayo mvua ya siku mbili mfululizo ilifikia milimita 20, na katika siku 30 zilizofuata hapakuwa na ukame wa zaidi ya siku 10. Sharti hili la pili ndilo linalochuja mvua za kudanganya, zile zinazonyesha wiki moja, watu wakasia, kisha zikakatika.
- Ukame mrefu zaidi katikati ya msimu: ulianza lini, ulichukua siku ngapi.
- Mwisho: siku ya mwisho kabla mvua hazijakatika moja kwa moja.

Panga tarehe za mwisho kuanzia iliyowahi zaidi hadi iliyochelewa zaidi. Kwa miaka 10, ichukue ya tatu kutoka juu: katika miaka minane kati ya kumi mvua zilifika angalau siku hiyo. Hiyo ndiyo tarehe salama ya mwisho. Kwa mwanzo fanya hivyohivyo, ila chukua ya nane: katika miaka minane mvua zilikuwa zimeshaanza. Wastani usiutumie. Kwa wastani, karibu nusu ya miaka itakukuta nje.

Kisha linganisha miaka mitano ya mwanzo ya takwimu zako na mitano ya karibuni. Kama tarehe zimesogea, zipe uzito zile za karibuni.

Kuanzia msimu huu weka pia kipimamvua chako. Chombo chochote chenye pande zilizonyooka, mdomo na kitako vikiwa na upana mmoja, kinatosha. Kiweke mahali pa wazi mbali na miti na mapaa, pima kina kwa rula kila siku saa 3 asubuhi, kisha umwage. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba, hivyo milimita 10 zilizokaa shambani ni lita 100,000 kwa hekta. Namba hiyo inafaa kukumbukwa unapojiuliza kama kazi ya kutengeneza matuta ina faida.

Hatua ya 2: Chagua wiki ya maua, kisha rudi nyuma

Mpunga unahitaji maji hadi siku 7 hadi 10 kabla ya kuvuna. Kwa kuwa kati ya maua na kuvuna ni siku 30 hivi, maua yawe yametokea angalau siku 20 kabla ya tarehe salama ya mwisho wa mvua.

Mfano. Tarehe salama ya mwisho ni 20 Mei. Maua yasipite 30 Aprili. Mbegu ya siku 120 huchanua karibu siku ya 90, kwa hiyo iwe imeshasiwa kufikia 30 Januari. Tuseme tarehe salama ya mwanzo ni 15 Februari. Hapo kuna pengo la siku 16, na wengi huishia kungoja mvua na kusogeza kila kitu mbele, maua yakaangukia ukameni. Njia mbili zinaliziba. Ya kwanza: sia kitalu 30 Januari kwa maji ya kisima au mfereji, maana ni eneo dogo, kisha miche ipandikizwe 20 Februari shamba likiwa limelowa. Ya pili: tumia mbegu ya siku 100, inayochanua karibu siku ya 70, na unaweza kusia hadi 19 Februari.

Tahadhari tatu kabla hujakata shauri. Mbegu nyingi za asili huchanua kwa kufuata urefu wa mchana, si kwa umri. Ukiziwahisha, zitaongeza majani tu na kuchanua wakati wake uleule, kwa hiyo hesabu ya siku haizihusu. Pili, kupandikiza hustua mmea na kuuchelewesha siku kadhaa, zaidi miche ikiwa mizee au mizizi ikikatika. Tatu, baridi hurefusha umri, hivyo mbegu moja haikomai kwa siku zilezile mabondeni na nyanda za juu.

Hesabu ya karatasini ihakikishwe shambani. Siku 65 hivi kabla ya kuvuna, pasua shina kubwa kwa wembe kuanzia chini. Ukiona kijisuke cheupe chenye manyoya, urefu wa milimita 1 hadi 2, suke limeanza. Kuanzia hapo hesabu siku 30 hadi 35, na wiki ya maua unayo mkononi.

Hatua ya 3: Angalia joto la wiki hiyo

Mvua ikikubali, joto linaweza kukataa. Maua ya mpunga hufunguka asubuhi, kwa kawaida kati ya saa 3 na saa 6 mchana, na kila ua hukaa wazi kwa muda mfupi sana. Joto likizidi nyuzi 35 katika saa hiyo, chavua hukauka au vifuko vyake hushindwa kupasuka, na ua hilo huwa pepe. Unyevu mkubwa hewani huzidisha hatari, kwa sababu suke hushindwa kujipoza. Shamba linalomwagiliwa lina afueni kidogo: maji ya sentimita 5 chini ya mmea hupoza hewa iliyo kati ya masuke, na ndiyo sababu maji yasikauke wiki ile.

Baridi hupiga mapema zaidi. Hatari yake kubwa iko siku 10 hadi 12 hivi kabla suke halijatoka, mpunga ukiwa na mimba, wakati chavua zinatengenezwa. Usiku wa chini ya nyuzi 17 au 18 kwa siku kadhaa mfululizo unatosha kuua sehemu kubwa ya chavua, na huoni dalili yoyote hadi masuke yatoke. Kwenye nyanda za juu pandisha maji yafike sentimita 15 hadi 20 siku hizo: kijisuke bado kiko chini ndani ya shina, na maji hulinda kama blanketi.

Usiku wa joto ndio unaosahaulika. Mmea hupumua usiku na kutumia sukari uliyotengeneza mchana, na usiku ukiwa wa moto hutumia zaidi. Wanasayansi wa taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga, IRRI, iliyoko Los Baños nchini Ufilipino, walionyesha mwaka 2004 kwamba katika msimu wa kiangazi mavuno ya mashamba yao yalishuka kwa asilimia 10 kwa kila nyuzi moja ya ongezeko la joto la chini la usiku. Joto la mchana halikuonyesha uhusiano wa namna hiyo. Usiku wa joto wakati wa kujaa punje pia huleta mchele wenye doa jeupe kama chaki, unaokatika mashineni. Kwa hiyo ukitazama rekodi za joto, soma safu zote mbili, ya juu na ya chini.

Wiki ikionekana mbaya, sogeza tarehe ya kusia kwa siku 10 au 15, au badili mbegu. Hakuna dawa ya kupulizia inayochukua nafasi ya tarehe.

Hatua ya 4: Mbegu kulingana na adui yako

Adui ni msimu mfupi? Mbegu ya siku 90 hadi 105. Mafuriko ya kufunika mmea mzima? Tafuta mbegu yenye jeni ya Sub1. Jeni hii ilitoka kwenye mpunga wa asili wa India uitwao FR13A, na Swarna-Sub1, mojawapo ya mbegu za kwanza kubebeshwa jeni hiyo, iliidhinishwa kwa wakulima wa India mwaka 2009. Mmea wenye Sub1 ukifunikwa na maji huacha kurefuka, hutunza chakula chake, na unaweza kuamka baada ya wiki mbili hivi. Mpunga wa kawaida hufanya kinyume: hurefuka kwa pupa kutafuta hewa, huishiwa nguvu, na maji yakiondoka hulala. Lakini Sub1 husaidia mmea uliofunikwa wote ukiwa kwenye majani. Mafuriko ya wakati wa maua haina jibu nayo, na bonde linalokaa na maji ya mita moja kwa mwezi linataka mpunga wa aina nyingine kabisa.

Chumvi inayopanda kwenye mashamba ya pwani wakati wa kiangazi hupiga zaidi miche michanga na maua. Huko mbegu inayostahimili chumvi pekee haitoshi, osha shamba kwa mvua za kwanza na kuyatoa maji yake kabla ya kupandikiza.

Usilime mbegu moja shamba zima. Gawa sehemu mbili zenye umri tofauti, au mbegu moja vitalu viwili vilivyopishana siku 10. Wiki moja mbaya itachukua sehemu, si zote.

Hatua ya 5: Shamba la kukamata maji na kuyatoa

Matuta ya kuzunguka jaruba, yaani kila kipande cha shamba kinachoshika maji, yawe na kimo cha sentimita 30 na kitako cha sentimita 50, yashindiliwe na kuzibwa mashimo ya panya na kaa. Weka mdomo wa kutolea maji unaoweza kufungwa na kufunguliwa. Mvua za siku hizi mara nyingi huja kwa kishindo, milimita 60 kwa alasiri moja, kisha kimya siku tisa. Jaruba lililosawazishwa huhifadhi kishindo hicho.

Tofauti ya kimo ndani ya jaruba isizidi sentimita 5. Njia rahisi: jaza maji kidogo, angalia visiwa vinavyochomoza, vuta udongo kutoka palipo na kina kwenda kwenye visiwa. Vuruga tope mara mbili kwa nafasi ya siku 7 hadi 10 ili magugu yaliyoota yazikwe. Jaruba lisilo sawa litakuwa na maua ya tarehe tatu tofauti, na hapo kazi yote ya hatua ya 2 imepotea.

Hatua ya 6: Kitalu na kupandikiza

Kwa hekta moja tumia kilo 40 za mbegu kwenye kitalu cha mita za mraba 500. Pima uotaji kwanza: punje 100 kwenye kitambaa kibichi, zikiota chini ya 80 baada ya wiki, tafuta nyingine. Loweka saa 24, funika kwa gunia saa 24 hadi 36, sia zikiwa zimechomoza tu.

Pandikiza miche ya siku 15 hadi 21, miwili au mitatu kwa shimo, nafasi ya sentimita 20 kwa 20, kina cha sentimita 2 hadi 3. Mvua zikichelewa, miche ya siku 35 huwa imeshapoteza machipukizi yake ya kwanza. Ukilazimika kuitumia, ongeza hadi minne au mitano kwa shimo na ubane nafasi iwe 15 kwa 20. Mvua ikichelewa zaidi ya hapo, kusia upya mbegu ya muda mfupi hulipa kuliko kung'ang'ania miche mizee.

Hatua ya 7: Maji

Palipo na umwagiliaji, utaratibu wa kulowesha na kukausha kwa zamu huokoa maji asilimia 15 hadi 30 bila kupunguza mavuno, ukifanywa kwa kipimo. Chukua bomba la plastiki la urefu wa sentimita 30 na upana wa 10 hadi 15. Toboa nusu ya chini matundu ya nusu sentimita yaliyopishana sentimita 2. Lizamishe hadi nusu ibaki juu ya udongo, kisha toa tope la ndani. Sasa unaona maji yaliyo chini ya ardhi.

Wiki mbili baada ya kupandikiza, acha maji yashuke. Yakifika sentimita 15 chini ya uso wa udongo, jaza tena hadi sentimita 5 juu. Usiache yashuke zaidi hata kama majani bado ni ya kijani. Wiki moja kabla ya maua hadi wiki moja baada yake simamisha zamu, weka sentimita 5 muda wote. Wakulima wengi hukosea hapa: huzoea kukausha, wakaendelea hadi kwenye maua. Dalili ya kuchelewa ni suke linalokwama nusu ndani ya ala ya jani.

Anayetegemea mvua hana bomba la kufungulia, ila ana uchaguzi mmoja. Maji kidogo aliyonayo, ya bwawa au kisima, asiyatumie mpunga unapoanza kunyauka kwenye majani. Ayatunze kwa siku 20 za kuanzia mimba hadi mwisho wa maua. Kuna uchungu kuangalia majani yanajikunja, lakini ndiyo hesabu.

Mafuriko yakifunika mmea, fungua njia ya maji mara yanapoanza kushuka, ondoa tope lililoganda kwenye majani kwa kumwagia maji safi, na usitie urea hadi siku 5 hadi 7 zipite na jani jipya litokee.

Hatua ya 8: Mbolea kwa kusoma anga

Mfano wa kilo 80 za naitrojeni kwa hekta: kilo 100 za DAP wakati wa kupandikiza, zenye naitrojeni 18, kisha kilo 135 za urea, 65 siku ya 15 hadi 20 baada ya kupandikiza na 70 suke linapoanza kwenye shina. Kipimo hiki cha mwisho ndicho cha kubadilisha. Utabiri ukionyesha mawingu na mvua mfululizo, kata hadi kilo 35 au 40. Bila jua mmea hauwezi kugeuza naitrojeni kuwa punje. Utarefuka, utalala, na kualika ugonjwa. Jua kali na maji ya kutosha, tia yote.

Urea kwenye udongo unaokauka juani hupaa hewani kama amonia. Ikitiwa saa chache kabla ya mvua kubwa huondoka na maji. Tia kwenye maji ya kina kidogo, ziba midomo ya jaruba siku tatu.

Hatua ya 9: Magonjwa yanayofuata hewa

Usiku wa baridi kidogo, umande mrefu na mawingu huleta blasti: madoa ya umbo la almasi kwenye majani, katikati kijivu, na baadaye shingo ya suke kuwa nyeusi. Ukame ukifuatiwa na manyunyu huizidisha. Yakionekana kwenye majani suke likiwa karibu kutoka, punguza urea na ushauriane na bwana shamba kuhusu dawa ya ukungu, itumike suke linapoanza kuchomoza. Shingo ikishaoza, dawa haifufui.

Hatua ya 10: Kuvuna kabla ya hewa kuharibu

Vuna punje 80 hadi 85 kati ya 100 zikiwa za dhahabu, unyevu asilimia 20 hadi 25. Mpunga uliokauka juani ukanyeshewa kisha ukakauka tena hupasuka ndani, na ufa huo unauona mashineni kama chenga. Msimu unaoisha kwa mvua zisizotabirika, andaa turubai kabla ya mundu. Pura siku hiyohiyo, anika kwa tabaka la sentimita 3 hadi 5, geuza kila nusu saa, funika usiku. Asilimia 14 ndiyo ya ghala, 12 au 13 ya mbegu.

Hatua ya 11: Soma suke kabla ya kulaumu mbegu

Kabla ya kupura, chukua masuke 20 sehemu mbalimbali za shamba. Hesabu punje zilizojaa, mapepe, na zilizojaa nusu.

Masuke machache kwa mita ya mraba lakini yamejaa: tatizo lilikuwa la mwanzo, miche mizee, ukame au mafuriko ya siku za machipukizi. Suke lenye ncha nyeupe zilizonyauka kama nyuzi: mmea ulipata shida suke likiwa bado linatengenezwa. Mapepe yasiyo na kitu ndani, ukiyaelekeza kwenye jua unaona mwanga: chavua ilikufa, kwa baridi ya mimba au kwa joto au ukame wa maua. Linganisha na tarehe zako za joto ujue ni kipi. Punje nusu: jua lilikosekana au maji yaliondolewa mapema. Suke jeupe lote, likivutwa linachomoka kirahisi na chini limetafunwa: huyo ni funza wa shina, hali ya hewa haihusiki. Likiwa jeupe na shingo nyeusi, blasti.

Andika kando ya kila jibu tarehe ya maua ya jaruba hilo na mvua ya siku 15 kabla yake na 15 baada. Msimu ujao unapofika hatua ya 2, anza na ukurasa huo.